Samaki wa Gongoni na Ndoo ya Kalunde

Ukiingia nyumba ya mtu ukakuta samaki wake wanaelea matumbo juu, sikiliza nani anakuwa wa kwanza kusema, "Mimi sijagusa kitu." Miaka yangu yote ya kazi, huyo ndiye niliyemwangalia mikono. Mara nyingi nilimkuta na kosa. Mara moja nilimbebesha kosa ambalo hakuwa nalo, na hiyo mara moja ndiyo iliyonikalisha kitako niwaandikie nyinyi vijana mnaonisimamisha njiani kuniuliza mambo ya akwariamu, mkinionyesha picha za samaki kwenye simu.

Nilikuwa fundi wa maabara ya maji hapa Tabora mpaka nikastaafu. Kazi yangu ilikuwa kupima: uchachu, klorini, chumvi, vijidudu. Jioni na siku za mapumziko nilizunguka majumbani kutunza matangi ya kioo ya watu waliopenda samaki sebuleni. Nilipostaafu, hiyo ikawa kazi yenyewe. Watu waliniita Mama Vipimo. Nikishapita, wengine waliniita Mama Mashaka, na walidhani sisikii.

Mashaka hayo sikuzaliwa nayo. Alinitia Mzee Masanja, mkuu wangu wa kwanza wa maabara, Msukuma mrefu aliyekuwa akizungumza polepole kama anayehesabu maneno. Wiki yangu ya kwanza kazini aliniwekea glasi mbili mezani. Moja ilikuwa na maji ya rangi ya chai, nyingine maji meupe yanayometa. Akaniuliza ningempa mwanangu ipi. Nikaonyesha ile nyeupe bila kufikiri. Akanikabidhi dawa za kupimia akaniacha. Ile ya rangi ya chai ilikuwa maji ya kijito yaliyochemshwa, rangi tu ya majani. Ile nyeupe ilitoka kwenye kisima kilichochimbwa hatua chache kutoka chooni.

Aliporudi hakunicheka. Alisema, "Uchafu mwingine una adabu, unajionyesha. Wewe uogope ule uliooga."

Alikuwa na neno jingine, na hili aliliandika kwa chokaa ukutani juu ya sinki letu: pima kabla hujagusa. Alikuwa akisema ukishatia mkono kwenye maji, unachopima si maji tena, ni mkono wako. Neno lile nililisoma kila siku ya Mungu kwa miaka mingi, hata macho yakaacha kuliona. Mtaona lilivyonigharimu.

Sasa, wenye samaki ni waongo. Nawaambia mapema ili msije mkashangaa. Si watu wabaya, ila kila mmoja ana kitu anachokifanya kwa siri na tangi yake. Nilikuwa na mzee mmoja mtaa wa Cheyo aliyeniapia kwamba anawapa samaki chakula chao kidogo tu, mara moja kwa siku. Nilipofungua filta yake nikakuta ugali. Si punje, ugali wenyewe, umeganda kama sabuni. Akasema labda umeingia na upepo. Mwingine alinunua sokoni chupa ya dawa ya kusafisha maji, ya rangi ya bluu, haina karatasi wala jina. Nikaitia kwenye glasi nikaipima kwa kila nilichokuwa nacho. Ilikuwa maji na rangi ya keki. Samaki wake waliendelea kuumwa, tofauti ni kwamba sasa waliumwa kwenye maji ya bluu.

Hata zile karatasi za kupimia mnazozipenda, zinazobadilika rangi, msiziamini bila kuzihoji. Kuna nyumba walizihifadhi jikoni karibu na birika. Mvuke ukazila zote, kila ukipima jibu ni lile lile: maji mazuri. Mnaona hatari yake? Kipimo kilichoharibika mara nyingi hakisemi sijui. Husema salama.

Basi ni kwa tabia hiyo niliingia nyumba ya Mzee Hamisi, mtaa wa Gongoni.

Mzee Hamisi alikuwa fundi cherehani, babu zake walikuwa wakishona kanzu mjini hapa tangu enzi za misafara. Siku hizi anashona suti za maharusi. Mkewe, Bi Rehema, ndiye aliyetaka akwariamu. Alikuwa ameiona kwa ndugu yake Dar es Salaam na tangu hapo hakutulia. Ikajengwa tangi ya kioo yenye urefu wa kochi, ikakaa sebuleni ikitazamana na mlango, ili anayepita barazani aione.

Samaki walitoka Kigoma. Wale wa ziwani wadogo, wengine wa njano, wengine wa milia, wakali kidogo lakini wazuri mno. Walikuja kwa treni ndani ya mifuko mizito ya plastiki iliyofungwa kwa hewa, ikapangwa kwenye boksi. Aliyekuwa akinitumia, mvuvi mmoja wa Kigoma, alinifunza jambo ambalo nataka mlishike. Alisema mfuko uliosafiri siku nzima, ukiufungua, usizubae. Ndani yake samaki wamekojoa njia nzima, maji yamejaa amonia, lakini pumzi zao zimeyafanya maji kuwa machachu, na katika maji machachu amonia hulala. Ukifungua mfuko, hewa chafu inatoka, uchachu unapungua, amonia inaamka na kuwauma. Kwa hiyo fungua, watoe haraka, na maji ya mfuko usiyamwage ndani ya tangi. Nililijua hilo vizuri. Nilikuwa nikiwaelezea na wengine.

Samaki wa ziwa lile wanataka maji mazito, yenye chokaa. Maji yetu ya Tabora ni mepesi. Kwa hiyo mwanzo kabisa nilitandika chini ya tangi mawe meupe ya chokaa na makombe ya konokono. Mawe hayo si pambo. Kila siku kinyesi cha samaki na kazi ya bakteria wanaokila huyafanya maji kuwa machachu, na kila siku jiwe la chokaa linayeyuka kidogo na kuuzima ule uchachu. Ukitaka kujua kama jiwe lina chokaa, lidondoshee siki. Likitoa povu, ndilo.

Aliyeitunza tangi siku hadi siku alikuwa Kalunde. Alikuwa mwanamke wa rika langu, mjane kutoka kijiji cha Kigwa, aliyekaa nyumba ile miaka mingi akipika na kusimamia mambo yote ya ndani. Nilimfundisha kubadilisha maji: kila Jumamosi ya pili, robo ya tangi, maji ya bomba yaliyokaa kwenye ndoo wazi siku mbili ili klorini itoke. Nikamchagulia ndoo ya bluu, nikamwambia isiguswe na sabuni hata siku moja. Alikuwa akiificha uvunguni mwa kitanda chake. Alikuwa mkimya, na akikuelewa alikuwa hasemi ndiyo, anafanya tu. Kwa mtu wa mashaka kama mimi, ukimya ule haukunipendeza. Nilikuwa nikijiuliza anawaza nini.

Mwaka wa pili Bi Rehema akachoka na mawe meupe. Akasema yanaonekana kama kaburi. Alikuwa ameletewa mawe meusi yanayong'aa, akaniomba niyabadilishe. Nikayatoa meupe pamoja na makombe, nikatandika meusi. Kwa mikono yangu. Nilijiambia chokaa iliyokwishaingia majini inatosha, na kwamba maji mapya ya kila wiki mbili yatafidia. Tangi ikapendeza kweli. Samaki wa njano juu ya mawe meusi, hata mimi nilisimama nikatazama.

Miezi michache baadaye binti yangu alijifungua kule Usinge, uzazi ukawa mgumu, nikaenda kumwangalia. Nilimwambia Kalunde asibadilishe maji mpaka nirudi, maana sikumwamini bila macho yangu kuwepo, aongeze tu yale yanayokauka. Nilidhani nitakaa wiki mbili. Nilikaa karibu miezi miwili.

Kumbe nyumbani kwa Mzee Hamisi wageni walikuwa njiani. Binti yao mdogo alikuwa ameposwa na kijana wa Nzega, na siku ya kuleta mahari ikapangwa. Bi Rehema akatazama tangi yake, kioo kimefanya ukijani na maji yana rangi ya chai, akamwambia Kalunde aisafishe. Kalunde akasema Mama Vipimo amekataza. Bi Rehema akamwambia Mama Vipimo hapokei wageni. Hapo kulikuwa na kisirani tayari, maana wiki ile ile Kalunde alikuwa ameomba ruhusa ya kwenda Kigwa kwenye matanga ya shemeji yake, akaambiwa angoje shughuli ipite.

Akasafisha, alfajiri ya siku yenyewe. Maji aliyaweka kwenye ndoo siku mbili, kama nilivyomfundisha. Alibadilisha nusu ya tangi kwa sababu Bi Rehema alitaka yang'ae.

Mimi niliingia Tabora asubuhi ya siku hiyo hiyo ya wageni. Adhuhuri nikapigiwa simu niende haraka. Nilipofika barazani nikakuta watu wamekaa kwenye mikeka, chakula hakijaletwa, na wote wanatazama ndani. Samaki waliobaki hai walikuwa juu ya maji wakihema, midomo wazi. Wengi walikuwa wamekwisha kufa. Bi Rehema alikuwa amekaa kwenye kochi, amejifunika uso kwa ukaya, ule mtandio wake mwepesi. Mshenga wa upande wa kijana, mzee mmoja mcheshi kutoka Nzega jina lake Jilala, alikuwa akijaribu kuwachangamsha watu na hakuna aliyecheka. Katika shughuli ya ndoa, kifo ni kifo. Kuna waliokuwa wameanza kunong'ona.

Nikafungua mkoba wangu nikapima. Klorini hakuna. Uchachu wa kawaida kabisa. Amonia ilikuwa juu sana, lakini nikasema moyoni, hiyo ni ya mizoga, samaki aliyekufa hutoa amonia. Mnaona? Jibu lilikuwa mkononi mwangu, nikalitafutia udhuru. Nilikuwa nimekwisha kuamua pa kutazama.

Nikaenda uani. Kwenye bomba palikuwa na ndoo nyeupe. Nikaiinamia nikainusa. Nikaibeba mpaka barazani, mbele ya watu, nikasema, "Ndoo hii inanuka sabuni."

Kalunde alikuwa amesimama mlangoni. Akasema, "Hiyo ni ya kufulia. Maji ya samaki nilichotea ya bluu. Iko chumbani kwangu."

Angalieni sana neno nililomjibu. Nilisema, "Anayekosea hivyo ndivyo asemavyo."

Sikwenda kuitazama ile ya bluu. Hakuna aliyekwenda. Bi Rehema akakumbusha ile habari ya matanga na ruhusa aliyonyimwa, na watu wakaunganisha wenyewe. Mzee Hamisi, ambaye ni mtu wa haki, aliniuliza mara moja tu kama nina hakika. Nikasema mimi kazi yangu ni vipimo. Sikusema nina hakika, lakini kila aliyesikia alisikia hivyo, na mimi nilijua watasikia hivyo.

Kalunde hakulia wala hakujitetea tena. Alimaliza kupakua chakula cha wageni, akaosha vyombo, akafunga nguo zake kwenye kanga. Kesho yake asubuhi alipanda treni kwenda Kigwa. Bi Rehema aliniambia baadaye kwamba aliondoka bila kuaga, na sisi wote tukalihesabu hilo kuwa ushahidi mwingine.

Nisimame hapo kidogo, maana mtaniuliza kama sikuwa na wasiwasi. Nilikuwa nao. Mtu mwenye mashaka huwa nayo kwa kila kitu isipokuwa yeye mwenyewe, hiyo ndiyo kasoro yetu. Kuna siku mbili tatu nilijikuta najiuliza sabuni imekwendaje tangini bila kufanya povu hata moja chini ya pampu ya hewa. Pampu ile inatoa mapovu mengi. Sabuni kidogo tu ingetosha kufunika uso wa maji kwa ukoko mweupe. Sikuuona. Nikajijibu labda ilikuwa kidogo mno. Sabuni kidogo mno kufanya povu, lakini nyingi ya kutosha kuua samaki kumi na wanane. Jibu kama hilo Mzee Masanja angenirudishia karatasi usoni.

Ulipita karibu mwaka. Nyumbani kwangu Isevya nami nilikuwa na tangi ndogo, na kwa kuwa kulikuwa na mawe meusi yaliyobaki, Bi Rehema alinipa, nikayatandika mahali pa yale ya chokaa. Niliona yanapendeza. Masika yale nikashikwa na malaria iliyonilaza wiki nyingi, nikipata nafuu inanirudia. Samaki nilikuwa nikiwarushia chakula basi. Nilipopata nguvu nikaona tangi imechafuka, nikaamua kubadilisha nusu ya maji. Kabla ya kuanza nilichota kichupa kimoja cha maji ya zamani, sijui kwa nini, labda mkono ulikumbuka neno la ukutani wakati mimi mwenyewe nimelisahau. Nikakiweka dirishani. Nikamwaga nusu, nikajaza maji yaliyokaa siku mbili, kwa ndoo yangu, niliyoisuuza mwenyewe.

Nilikuwa naandaa chai. Kabla haijachemka samaki wakaanza kuhema juu ya maji.

Nyumbani nilikuwa peke yangu. Hapakuwa na mtu wa kusema hajagusa kitu. Nilisimama mbele ya kioo na nakumbuka mikono yangu niliinusa, naam, niliinusa mikono yangu kama mwendawazimu.

Nikapima maji ya tangi. Klorini hakuna, uchachu wa kawaida, amonia juu. Majibu yale yale ya Gongoni. Lakini safari hii hakuna samaki aliyekuwa amekufa bado, hapakuwa na mzoga wa kusingizia. Ndipo nikakikumbuka kichupa cha dirishani. Nikakipima. Maji yalikuwa machachu kiasi ambacho sikuwahi kukiona kwenye tangi yoyote, na amonia ndani yake ilikuwa maradufu ya ile ya tangini.

Ilikuwa ni ule mfuko wa Kigoma. Ni jambo lile lile nililokuwa nikiwafundisha watu. Mawe ya chokaa yameondolewa, uchachu umepanda siku hadi siku, bakteria wanaokula amonia wamelegea kwa sababu hawapendi uchachu, amonia imejaa, imelala. Samaki wanaishi nayo, wamepoa kidogo, unadhani wametulia. Kisha unakuja na maji safi ya bomba yasiyo na uchachu, unamwaga nusu kwa mkupuo, unaiamsha. Maji safi ndiyo yanayoua. Na anayeonekana muuaji ni yule aliyesafisha.

Kwa hiyo mlishike hili hata mkiyasahau mengine. Tangi iliyokaa muda mrefu bila kubadilishwa maji, usiikimbilie kuing'arisha. Ipime kwanza kama ilivyo. Ikiwa chachu na ina amonia, punguza chakula, badilisha jagi moja leo, jagi moja kesho, na mawe ya chokaa uyarudishe machache machache, si kapu zima kwa siku moja. Utachukua wiki mbili au tatu. Samaki watakusubiri kuliko unavyodhani. Wangu walikufa wote isipokuwa mmoja wa milia, ambaye nilimhamishia kwenye beseni.

Nilikwenda Kigwa wiki iliyofuata. Sikuwa na hakika nitamkuta, wala kama atanifungulia. Nilimkuta uani anabangua karanga kwenye ungo. Tuliamkiana kama watu wanaojuana tu. Akaniletea kigoda na maji ya kunywa, kwa maana mgeni ni mgeni, akaendelea na karanga zake. Nikamweleza yote, kuanzia mawe mpaka kichupa. Nilieleza sana. Nilieleza mambo ya amonia na chokaa kwa kirefu, na katikati nikagundua kwamba naeleza kirefu hivyo ili nisifike kwenye neno lenyewe. Nikalisema. Nikamwambia nilimkosea, na kwamba nimekuja kumwomba msamaha.

Alibangua nyingine tatu nne.

"Ulinipima mimi," akasema. "Maji hukuyapima."

Nikasema ni kweli.

Nikamwambia Bi Rehema angefurahi arudi, ingawa Bi Rehema nilikuwa sijazungumza naye bado. Alilitambua hilo, nadhani. Akasema harudi, ana shamba lake na wajukuu. Kisha akaniuliza siku ile barazani tulikuwa watu wangapi, ukiondoa mimi na yeye. Nikahesabu moyoni. Mzee Hamisi, Bi Rehema, binti, jirani wawili, mshenga, na ndugu wa mshenga. Nikasema saba.

"Waambie saba," akasema. "Mmoja mmoja. Ukimaliza, nipigie."

Hakunipa jibu la msamaha, wala sikumwuliza tena.

Nilianza na pale palipokuwa pagumu. Bi Rehema alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema mimi ndiye niliyesema sabuni, yeye angejuaje. Alikuwa na haki hiyo. Lakini Mzee Hamisi aliweka mkasi chini, akaingia ndani kwenye chumba alichokuwa akilala Kalunde, akakaa humo muda. Alipotoka alikuwa na ndoo ya bluu. Ilikuwa uvunguni mwaka mzima. Aliinusa, akanipa na mimi nikainusa. Haikuwa na harufu ya kitu chochote. Tuliiweka mezani kati yetu na hakuna aliyeweza kuitazama sana. Mwezi ule alikwenda Kigwa mwenyewe. Walichozungumza sijui.

Binti, ambaye sasa ni mke wa mtu, alilia kwenye simu. Jirani mmoja alisema alijua tangu siku ile, na mimi sikumwamini. Mwingine alikuwa hakumbuki hata samaki wenyewe. Ndugu wa mshenga nilimpata kwa simu pia. Alisikiliza, akasema sawa, akaniuliza samaki wanauzwaje.

Akabaki Mzee Jilala, mshenga. Simu yake haikupatikana, nikapanda basi mpaka Nzega. Nilimkuta dukani kwake anauza mbegu na majembe. Alinikumbuka kabla sijajitambulisha. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akawaita watu wawili waliokuwa wakinunua mbegu akawaambia huyu ndiye mama wa samaki wa Tabora, ile hadithi yenyewe. Wale watu wakacheka, wakanitazama kwa furaha.

Nikamwuliza hadithi gani.

Kumbe alikuwa akiisimulia. Mshenga ni mtu wa maneno, anaalikwa kila shughuli, na kila shughuli inataka kichekesho. Alikuwa na kisa cha mwanamke wa Kigwa aliyenyimwa ruhusa akawafulia samaki kwa sabuni siku ya mahari. Alikisimulia Nzega, Igunga, na mara mbili alikisimulia kwenye sherehe za watu asiowajua kabisa. Jina la Kalunde alikuwa akilitaja, kwa sababu kisa bila jina hakina chumvi.

Nikamweleza kilichotokea. Alikuwa mtu mzuri, uso ulimbadilika. Akaniuliza afanyeje sasa.

Nikamwambia, "Kisimulie tena kote ulikokisimulia. Mkosaji awe mimi. Taja jina langu."

Akawatazama wale wateja wake wawili.

"Hicho hakitachekesha, mama," akasema. "Watu hawatakibeba."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa akinieleza kazi yake, kama mimi ninavyowaeleza yangu.

Nilimpigia Kalunde kutoka kituo cha basi. Nikamwambia saba wote wamesikia, na nikamwambia alichosema mshenga, kwamba kisa kimeshakwenda mbali na kwamba cha kweli hakitabebwa na mtu. Nyuma yake nikasikia kuku.

"Wewe umesoma," akasema. "Kiandike. Na jina langu uliweke."

Kwa hiyo, vijana wangu, mliniuliza habari za maji nami nimewapa nilizonazo. Zitumieni, zipimeni kwanza, hata za kwangu. Na kama mmewahi kukaa shughulini mkasikia kisa cha mwanamke na samaki mkacheka, huyo anaitwa Kalunde Mihayo, yuko Kigwa, analima karanga. Hakuua samaki wa mtu.